Jopo la VVU, Mahakama Kuu au Tume: mtu mwenye ulemavu apeleke wapi lalamiko lake?

Kijana kiziwi amefika hospitali akiwa na mamake. Nesi anamtazama mama, mgonjwa hamtazami. "Mama, mwambie tunampima damu." Mama anaitikia, sindano inaingia, na majibu ya VVU anasomewa mama. Mwenye damu ni mtu mzima, ana kazi yake, anasoma na kuandika vizuri. Hakuna aliyemsogezea hata kipande cha karatasi kumuuliza kama anataka kupimwa.

Anayetendewa hivi huuliza: nishtaki wapi? Jibu analopewa kila mara ni "tafuta wakili". Jibu hilo halina msaada mkubwa, kwa kuwa Kenya ina njia kadhaa za kufuata, na wakili atakupeleka kwenye ile aliyoizoea yeye. Nazilinganisha hapa kwa jicho la mtu mwenye ulemavu, maana miongozo mingi ya haki za wanaoishi na VVU imeandikwa kana kwamba wasomaji wote wanaona, wanasikia na wanapanda ngazi. Baadaye nitavuka mpaka niitazame Tanzania, ambako hali ni tofauti kuliko wengi wanavyodhani.

Swali la kwanza

Kabla ya kuangalia gharama au umbali, jiulize hili: kilichokuumiza ni mtu aliyevunja sheria, au ni sheria yenyewe?

Kwa yule kijana kiziwi, sheria ilivunjwa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 kinadai ridhaa ya anayepimwa, na kutosikia si kutoelewa. Nesi alikosea, na yuko wa kumwajibisha.

Sasa mchukue dada mwenye ulemavu wa akili. Daktari anaona kwamba hawezi kutoa ridhaa. Kifungu hichohicho cha 14 kinamruhusu daktari aichukue ridhaa hiyo kwa mwingine, kwa mpangilio huu: mlezi, kisha mwenzi, kisha mzazi, kisha mtoto wa mgonjwa aliyetimiza miaka 18. Kipimo kinachotumika ni maoni ya daktari. Sharti la kumweleza dada kwa lugha nyepesi, kumpa muda, au kumwita mtu anayemwamini amsaidie kuamua, halimo. Hapa daktari anaweza kuwa ameifuata sheria neno kwa neno, na dada akawa ameumizwa vilevile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika Ibara ya 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na wajibu wa serikali ni kumpa msaada wa kuutumia. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba mifumo ya kumwamulia mtu iondolewe, mahali pake pawekwe mifumo ya kumsaidia aamue mwenyewe.

Kesi hizi mbili zinafanana kwa nje, ila ukizipeleka mahali pamoja, moja itafia njiani.

Jopo la VVU na Ukimwi

Wengi hulitaja kama tribunali. Liliundwa na kifungu cha 25 cha sheria hiyo ya 2006, na ni chombo cha nadra sana duniani: jopo la kisheria lililowekwa kwa ajili ya VVU peke yake. Lina wanachama saba: mwenyekiti ambaye ni wakili, mawakili wengine wawili, madaktari wawili, na watu wawili wenye ujuzi maalumu.

Hupokea malalamiko ya kuvunjwa kwa sheria hiyo: kupimwa kwa kulazimishwa, siri kutolewa, kubaguliwa hospitalini, kazini, shuleni, kwenye bima na mikopo, hata maiti kunyimwa mazishi. Mamlaka ya jinai halina, kwa hiyo usitarajie mtu kufungwa. Linaweza kuamuru fidia, na hiyo si ya hasara ya pesa tu bali pia ya kuvunjiwa heshima na kuumizwa moyo. Linaweza kuamuru hatua mahususi za kukomesha ubaguzi. Linaweza pia kumtaka mshtakiwa arudi mara kwa mara kutoa ripoti ya namna anavyotekeleza. Hili la mwisho walalamikaji hulisahau, nami naliona ndilo la maana zaidi kwa mtu mwenye ulemavu. Pesa italiwa iishe. Hospitali iliyoagizwa kupata mkalimani na kurudi kueleza imefikia wapi ni habari nyingine.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba wanaokusikiliza wanaijua VVU. Hutatumia nusu siku kueleza kwa nini kusomewa majibu mbele ya mama ni jambo zito. Unaweza pia kuomba usikilizwe faragha, na jina lako liandikwe kwa herufi tu.

Udhaifu wake ni huu. Makao yake ni Nairobi, na kwa mtu wa Lodwar, mbali kaskazini-magharibi, anayetumia kiti cha magurudumu, Nairobi haipimwi kwa nauli pekee. Sheria haikutenga kiti cha mtu mwenye ulemavu kati ya wale saba. La tatu ndilo kubwa: Jopo limezaliwa na sheria hiyo na kazi yake ni kuitekeleza. Ukiliendea ukitaka liseme kwamba kifungu cha 14 chenyewe kinabagua watu wenye ulemavu wa akili, unaliomba lifanye kazi ya Mahakama Kuu.

Kwa hiyo kijana kiziwi aende kwa Jopo. Dada asiende huko.

Mahakama Kuu

Katiba ya 2010 ni rafiki wa kweli katika hili. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi na kutaja kwa majina hali ya afya na ulemavu, yote mawili katika sentensi moja. Kwa mtu anayebaguliwa kwa mambo mawili kwa mpigo, hii ni silaha, kwa sababu hulazimiki kuchagua ni lipi kati ya hayo lililokuponza. Ibara ya 43 inatoa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na ya 54 inataja lugha ya ishara, breli na kufikika kwa maeneo yote.

Watu huiogopa Mahakama Kuu wakidhani ni ya matajiri. Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua ombi la haki za msingi. Inaruhusu pia mtu mwingine kushtaki kwa niaba yako, au chama kushtaki kwa niaba ya wanachama wake. Kanuni za mwaka 2013 za kufungua maombi hayo zinaruhusu mahakama kupokea barua ya kawaida, hata maombi ya mdomo, mradi yaonyeshe haki iliyovunjwa. Kwa asiyeona ambaye hajawahi kuandika hati, au mwenye ulemavu wa mikono, hilo si dogo. Gharama zinabaki kwenye nauli, nakala na wakili, na hapo ndipo mashirika kama KELIN, yanayoshughulikia sheria na VVU, huwa na umuhimu.

Je, hufanya kazi? Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 24 cha sheria hii ya VVU, kilichofanya kuambukiza kuwa jinai, kwa sababu kilikuwa na maneno yasiyoeleweka na kiliingilia faragha. Aliyefungua ombi alikuwa shirika. Desemba 2016 mahakama hiyo ilikataa agizo la serikali la kukusanya majina ya watoto wa shule na watu wengine wanaoishi na VVU kwa namna ambayo ingewaanika. Maamuzi yote mawili yaliwagusa maelfu ambao hawakukanyaga mahakamani. Njia iliyokiondoa kifungu cha 24 ndiyo inayofaa kwa kifungu cha 14.

Muda ndio balaa. Ombi la mama mwenye VVU aliyefungwa kizazi bila ridhaa yake kamili lilifunguliwa mwaka 2014 na uamuzi ukatoka Desemba 2022. Alishinda. Lakini hesabu mwenyewe, kisha umuulize mlalamikaji wako kama afya yake, ndoa yake na uvumilivu wake vinatosha.

Kuna mtego mwingine. Mahakama za Kenya hupenda mtu amalize kwanza njia zilizowekwa na sheria kabla ya kuwafikia. Kijana kiziwi akiliruka Jopo akakimbilia Mahakama Kuu, wakili wa hospitali atasimama siku ya kwanza kupinga kwamba hapa si mahali pake, na mwaka mzima unaweza kuishia kwenye ubishi huo tu. Ndiyo maana nasisitiza lile swali la kwanza.

Ukifukuzwa kazi

Hili ni fupi. Jopo linaweza kusikiliza ubaguzi wa kazini, lakini mkataba wako, mshahara uliozuiliwa na notisi usiyopewa vinajulikana vizuri zaidi kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwaka 2013 mahakama hiyo, wakati huo ikiitwa Mahakama ya Viwanda, iliamuru mfanyakazi wa chuo kikuu kimoja alipwe karibu shilingi milioni 7 kwa kubaguliwa kwa sababu ya VVU. Na kama mwajiri alikataa kukurekebishia mahali pa kazi kwa ajili ya ulemavu wako, weka madai yote mawili katika kesi moja. Usiyagawe.

Tume

Kenya ina tume tatu zilizotoka kwenye Ibara ya 59, na watu huzichanganya. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko ya haki kwa jumla, na ndiyo iliyopewa kazi ya kufuatilia utekelezaji wa ule mkataba wa watu wenye ulemavu. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hushughulikia usawa wa makundi yaliyotengwa. Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman, ni ya wale wanaozungushwa na ofisi za umma.

Hakuna malipo. Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi nje ya Nairobi, zikiwemo za Mombasa, Kisumu, Kitale na Wajir, kwa hiyo kwa wengi iko karibu kuliko Jopo. Inaweza kuchunguza, kuita pande zote, kusuluhisha.

Inachokosa ni meno. Mapendekezo ya tume si hukumu. Ukitaka fidia, usianzie hapa ukakaa ukisubiri. Lakini kuna jambo ambalo tume hulifanya vizuri kuliko Jopo na mahakama: tatizo lisilo na mkosaji mmoja. Tuseme zahanati za kaunti nzima hazina mkalimani. Au chumba cha ushauri nasaha kimewekwa ghorofa ya pili, lifti hakuna. Au maelezo ya dozi za ARV hayapatikani kwa breli wala kwa sauti. Utamshtaki nani, mfamasia? Peleka kwa tume kama lalamiko la kundi, lenye tarehe na majina ya vituo, uombe uchunguzi. Ripoti ya tume huwa ushahidi mzuri baadaye, mkiamua kwenda mahakamani.

Kuna pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengi wanalijua kwa kadi na msamaha wa kodi, lakini lina wajibu wa kutetea pia. Angalizo moja: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imebadilishwa na sheria mpya ya mwaka 2025. Vyama vingi vya watu wenye ulemavu vina mifano ya barua inayonukuu vifungu vya zamani. Barua ya namna hiyo humpa afisa kisingizio cha kuirudisha, na huwa hakosi kukitumia.

Kwa wanaotaka kuona yote kwa mara moja:

| Njia | Inafaa zaidi kwa | Usitegemee |
|---|---|---|
| Jopo la VVU | Mtu au hospitali iliyovunja sheria ya VVU: siri, kupimwa kwa nguvu, kunyimwa huduma | Kufuta kifungu cha sheria |
| Mahakama Kuu | Sheria au sera inayobagua. Jambo linalogusa watu wengi | Uamuzi wa haraka |
| Mahakama ya Ajira | Kufukuzwa, kushushwa cheo, kunyimwa marekebisho kazini | Kubadilisha mwenendo wa hospitali |
| Tume ya Haki za Binadamu | Huduma isiyofikika katika vituo vingi. Wasio na wakili | Fidia ya lazima |

Siri, mkalimani na kiapo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kesi za watu wenye ulemavu huharibika hata mlalamikaji akiwa amechagua mahali sahihi.

Anza na herufi badala ya jina. Kwa watu wengine zinatosha. Kwa mtu mwenye ulemavu hazitoshi. Hukumu ikiandika "M.A., mwalimu asiyeona wa shule ya msingi mjini fulani", mji mzima unajua ni nani, kwa sababu mwalimu asiyeona hapo ni mmoja. Omba mapema, kwa maandishi, kwamba aina ya ulemavu, mahali pa kazi na jina la mji viondolewe au vielezwe kwa jumla katika hati zitakazochapishwa. Ombi hilo lifanywe mwanzoni. Hukumu ikishawekwa kwenye intaneti, kuiondoa ni shughuli.

Halafu mkalimani. Jamii ya viziwi ni ndogo. Mkalimani anayekutafsiria mahakamani Jumatatu ndiye anayetafsiri kanisani kwenu Jumapili na kwenye harusi ya rafiki yako mwezi ujao. Wako viziwi wanaokataa kabisa kupimwa VVU kwa sababu hiyo, wala hawaogopi majibu. Ndiyo maana vituo vya ushauri nasaha vya viziwi vilivyoanzishwa na shirika la Liverpool VCT miaka ya mwanzo ya 2000, vyenye washauri ambao wenyewe ni viziwi, vilikuwa hatua kubwa: mshauri na mteja walizungumza moja kwa moja, mtu wa tatu hakuwepo. Kwenye kesi hutaweza kumkwepa mtu wa tatu, lakini unaweza kuomba mkalimani kutoka kaunti nyingine, na kuomba aape kutunza siri kabla hajaambiwa kesi inahusu nini. Usikubali ndugu akutafsirie, hata awe mwema namna gani. Huenda siku moja yeye ndiye atakayekuwa shahidi, au mrithi.

Mwenye ulemavu wa akili au mwenye shida ya kuzungumza ana msaada mwingine. Ibara ya 50 ya Katiba inairuhusu mahakama kukubali mtu wa kati wa kumsaidia mlalamikaji kujieleza. Mtu huyo si wakili wala hamsemei. Anahakikisha swali limeeleweka na jibu limesikika. Mawakili wengi hawaombi.

Na kiapo. Kwa asiyeona, kamishna wa viapo anapaswa kuandika chini ya hati kwamba mwapaji alisomewa na akaonekana kuelewa. Maneno hayo yakikosekana, hati inaweza kupingwa na ushahidi wako wote ukaning'inia. Ni mistari miwili tu, kwa hiyo kabla hujaweka dole gumba mwombe mtu unayemwamini akusomee kama imo.

Kama unataka sera, si kesi

Vyama vingine havina mtu mmoja aliyeumizwa. Vinataka watu wenye ulemavu waingizwe kwenye mipango ya VVU tangu mwanzo. Hapa chaguo ni kati ya kuhangaikia mpango wa taifa na kuhangaikia bajeti ya kaunti. Nitasema wazi ninakoegemea: kaunti.

Kwenye karatasi za juu watu wenye ulemavu hawajasahaulika. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la sera kuhusu ulemavu na VVU mwaka 2009, na tangu hapo nyaraka za kimataifa na za kitaifa huwataja. Wanatajwa lakini hupangwa kwenye fungu la walio katika mazingira hatarishi, huku fedha za wafadhili zikifuata zaidi yale yanayoitwa makundi muhimu, kama wanaouza ngono na wanaojidunga dawa za kulevya. Tangu Januari 2025, misaada ya Marekani iliposimamishwa ghafla, hata waliokuwa mbele kwenye foleni walitetereka. Mstari mwingine kwenye mkakati wa taifa hautamleta mkalimani kwenye CCC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, ya hospitali yenu.

Huduma nyingi za afya, chini ya Katiba, ziko mikononi mwa kaunti. Anayeajiri mkalimani, anayejenga njia ya mteremko, anayeamua chumba cha ushauri kiwe chini au juu, ni kaunti. Na bajeti ya kaunti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Vyama vingi hujitokeza Mei, kwenye mkutano wa wananchi, wakati kazi imekwisha. Jitokezeni Agosti mkiwa na ombi la kitu kimoja chenye bei.

Mtaambiwa ninyi ni wachache. Sensa ya Kenya ya 2019 ilitoa asilimia 2.2 ya watu wenye ulemavu. Sensa ya Tanzania ya 2022 ikatoa 11.2. Hakuna anayeweza kuamini kwamba ukivuka mpaka pale Namanga ulemavu unaongezeka mara tano. Sehemu kubwa ya tofauti ni namna ya kuuliza na ya kuhesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu duniani. Afisa akiwatolea ile 2.2, wekeni hizo nyingine mbili mezani.

Ng'ambo ya Namanga

Msomaji wa Arusha au Tanga asiichukue orodha ya hapo juu kama ilivyo. Tanzania haina jopo la VVU. Ina Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008, inayokataza ubaguzi na unyanyapaa, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Zanzibar ina sheria na tume yake ya Ukimwi.

Kwenye ridhaa ya kupimwa, kifungu cha 15 cha sheria ya 2008 kilimtia mtoto na mtu asiyeweza kuelewa majibu kapu moja: wote wawili kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Marekebisho ya 2019 yalishusha umri wa kujiamulia hadi miaka 15 na kuruhusu watu kujipima wenyewe. Hayo ndiyo yaliyovuma. Lakini kujipima, kwa asiyeona, ni faragha ya nusu: mistari ya kwenye kipimo lazima asomewe na mtu.

Katiba ya Tanzania nayo, katika Ibara ya 13, inaorodhesha misingi ya ubaguzi bila kutaja ulemavu wala afya, hivyo wakili atalazimika kujenga hoja yake kupitia hali ya mtu katika maisha na sheria hizo mbili. Ombi la haki za msingi Mahakama Kuu husikilizwa na majaji watatu. Tangu mabadiliko ya 2020, anayelifungua lazima aambatanishe kiapo kinachoonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Njia ya Kenya, ya chama kusimama peke yake kwa niaba ya wanachama, imebanwa sana hapo.

Kwa hiyo kwa Mtanzania ningeanza na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, isiyotoza chochote na inayoweza kwenda mahakamani mapendekezo yake yakipuuzwa. Sambamba na hilo, kamati za kudhibiti UKIMWI za kijiji, kata na halmashauri: ulizeni ni nani humo mwenye ulemavu, na kama hayupo, andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala TACAIDS, yaani tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Na kama jambo ni la mahakamani kweli, kazi ya kwanza ya chama ni kumpata mwanachama mmoja aliye tayari kuapa kwa jina lake kwamba lilimpata yeye, kukubaliana naye nani atamsindikiza na nani atakayelipa nauli yake na ya mkalimani, na kumwambia mapema kwamba inaweza kuchukua miaka. Wakili atafutwe baada ya hapo.